Lori la Njia ya Juu

Zuena alikuwa amekaa na kusimama mara nyingi asubuhi hiyo hata kiti chenyewe, kama kingekuwa na mdomo, kingemwambia amua moja. Akikaa, miguu inamcheza chini ya meza. Akisimama, macho yanamrudisha kwenye kompyuta. Chumba kilikuwa kidogo, juu ya duka la mama yake pale Bondeni, Kyela mjini, na mtu hawezi kuzunguka humo bila kujigonga kwenye magunia ya mchele. Alikwisha kuyagonga yote.

Sababu ya mahangaiko hayo ilikuwa moja. Dada yake, Habiba, alishikwa na uchungu alfajiri huko Njisi. Mtoto wa kwanza wa Habiba alitolewa kwa upasuaji, na daktari alikwisha kusema wazi kwamba huyu wa pili asisubiriwe nyumbani: mama ahamie mjini mapema, na uchungu ukianza tu awe kitandani hospitali. Habiba hakuhamia. Na aliyemfanya asihamie ni Zuena.

"Dada, barabara ndiyo kazi yangu," alimwambia wiki zile. "Siku utakayotaka kuja, nitakuambia pita hapa, na utapita kama unavyopita ukumbini kwako."

Habiba alicheka, akaamini, akabaki kwake akianika kakao kila jua lilipochungulia. Kumwamini mdogo wake ilikuwa tabia yake tangu utotoni. Hata Zuena alipokuwa akisema uongo wa kitoto, kwamba paka ndiye aliyekula sukari, Habiba ndiye aliyekwenda kumgombeza paka.

Tuseme haki: Zuena hakuwa anajisifu bure. Alikuwa amerudi nyumbani kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya utafiti wa shahada yake ya pili, na utafiti wenyewe ulihusu jambo ambalo kila mtu anadhani analijua: dereva anachaguaje njia. Mvua za mwaka huo zilimpa uwanja ambao hakuthubutu kuuomba. Kalavati la barabara ya lami lilisombwa, na magari yote ya upande wa Njisi yakabaki na njia mbili tu za vumbi, ambazo kwa majira hayo zilikuwa njia mbili za tope. Ya juu ilipita katikati ya mashamba ya kakao, ikavuka daraja la mbao linalobeba gari moja moja. Ya chini ilipita Katumba Songwe, juu ya tuta jembamba, majaruba ya mpunga huku na huku, haina daraja lakini ina utelezi wa kumwangusha hata mbuzi.

Ndani ya kompyuta Zuena alijenga njia hizo, kisha akawaumba madereva. Kila dereva alikuwa mtu wa namba. Kulikuwa na namba ya haraka yake, namba ya mapenzi yake kwa mafuta, namba ya chuki yake kwa tope, na namba ya kumwiga aliye mbele. Kulikuwa pia na namba ya ubishi, ambayo kwa Kyela aliona si vibaya kuiweka juu kidogo. Ukibonyeza kitufe wanaondoka Njisi wote, vidoa vidogo vya rangi, na kila kidoa kikifika njia panda kinapima, kinaamua. Mama yake, Bi Salma, aliyekuwa akipanda juu kuchukua mchele, aliuita mchezo wa magari, na alikuwa akiuliza nani ameshinda.

Lakini madereva wa kweli hawakuuona kuwa ni mchezo. Zuena alifungua kundi la WhatsApp akaliita Njia Leo. Kila asubuhi wao walimtumia picha za tope na za foleni, yeye akaziingiza kwenye modeli yake ile ya vidoa, halafu akawarudishia ujumbe wa sauti: leo piteni juu, au leo wenye magari mepesi chini, wazito juu. Mwanzoni walimsikiliza wachache kwa udadisi. Kisha wakaona anayemsikiliza anafika sokoni mapema, na asiyemsikiliza anashinda kwenye tope akisukuma. Wakaongezeka. Wakampa jina, Dada Njia. Ikafika mahali akisema juu, wanakwenda juu, akisema chini, wanakwenda chini, na yeye dirishani kwake akajisikia ana usukani mkubwa ambao hakuna aliyemwona akiushika. Ilikuwa raha. Alijua ni raha, na ilimwogopesha kidogo tu.

Sasa asubuhi hii, kati ya asubuhi zote, vidoa na watu vikakataa kuelewana. Modeli ilisema magari yagawanyike, karibu nusu kwa nusu, maana mvua ilikatika jana na tuta la chini lilikwisha kukauka kidogo. Picha za kundini zilisema vingine. Kila gari lilikuwa juu. Fuso za mpunga, Noah za abiria, kosta, pikapu za ndizi, zote zimejipanga kwenye mashamba ya kakao zikisubiri daraja la mbao, na njia ya chini haina hata baiskeli.

Akaandika kundini: "Jamani, chini kumekauka. Mbona hakuna anayeshuka?"

Nsajigwa, mwenyekiti wa madereva, mtu mzima mwenye Fuso ya kijani, alimjibu kwa maneno machache: "Chini leo hapana, dada."

Akangoja maelezo, hayakuja. Wengine waliweka vidole gumba chini ya jibu lile, basi. Zuena akaguna. Akafungua modeli, akaipandisha namba ya ubishi.

Simu ikaita. Ni Zubery, mume wa Habiba, na nyuma ya sauti yake Habiba alisikika akihema kwa mdomo.

"Shemeji, tunatoka sasa hivi. Maumivu yanafuatana. Juu au chini?"

Zuena alitazama tena picha ya foleni. Chini kulikuwa kutupu, lakini Nsajigwa amesema hapana, na mtu aliyezaliwa na kuzeekea kwenye barabara ile hasemi hapana bure. Labda tuta limekatika mahali ambapo picha hazifiki. Hakuweza kumtupa dada yake kwenye labda.

"Juu," alisema. "Pita juu. Mpaka ufike darajani nitakuwa nimekusafishia njia."

"Utaisafisha vipi?"

"Wewe endesha, shemeji. Niachie mimi."

Akakata simu, na hapo ndipo akaanza kujigonga kwenye magunia upya. Ataisafisha vipi, kweli? Aliwaza kuwaomba. Wapisheni, kuna mzazi anakuja. Lakini njia ile ya kakao ilikuwa nyembamba, miti imebana pande zote, gari halina pa kujibanza hata dereva akiwa na moyo wa malaika. Foleni haipishi. Foleni huondoka tu, na haitaondoka ila iwe na sababu ya kuondoka. Alijua sababu zao zote. Alikuwa amezitafuta kwa miezi, mojamoja, na kuzipa namba.

Alijua, kwa mfano, kwamba dereva wa kule akisikia tope atabisha, akisikia foleni atavumilia, lakini akisikia lori limelala atageuza gari bila kuuliza, kwa sababu lori likilala kwa mvua zile halinyanyuki leo wala kesho. Alijua kwamba mbele ya daraja kuna kona kali yenye kakao nene, na aliye kwenye foleni haoni ng'ambo. Akaijaribu kwanza hila yake kwenye modeli, na hili ndilo lililomsuta zaidi baadaye, kwamba aliijaribu. Aliweka kizuizi kwenye kona, akabonyeza kitufe. Vidoa vikasita, vikageuka, vikamiminika chini. Njia ya juu ikabaki kijani kitupu.

Mama yake akapiga simu kutoka hospitali, alikokwenda kumngoja Habiba na kanga na chupa ya chai. "Wako wapi?"

"Wanakuja, mama."

"Wanakuja wako wapi? Muuguzi ananiuliza."

"Mama, wanakuja!"

Alimpigia Zubery ili amwambie kwamba chochote atakachokisikia kundini akipuuze. Haikupatikana. Katika mashamba yale simu hushika na kuachia inavyotaka. Akapiga tena, haikupatikana tena. Akajiambia kwamba Zubery amekwisha kuambiwa juu, na mtu anayeendesha gari na mke mwenye uchungu hasikilizi makundi. Akajiambia pia kwamba kwa wale wengine hasara ni kuchelewa tu. Watachelewa sokoni, watamlaani, yataisha. Akashika kitufe cha sauti na kuinua sauti yake ile ya kila asubuhi, ya upole na uhakika.

"Habari za asubuhi, madereva wangu, ugonile. Nina taarifa mbaya. Juu, ukivuka daraja, kwenye kona, lori limelala na limeziba njia yote. Msiendelee kupanga foleni. Geukeni wote, piteni chini. Chini kweupe. Ndaga, asanteni."

Alituma kabla mkono haujapata muda wa kujifikiria.

Kundi likawaka. Mmoja aliuliza lori la nani. Mwingine aliuliza kama dereva mzima. Halafu picha zikaanza kuja: magari yakirudi kinyumenyume, Fuso ya kijani ikijigeuza kwenye mlango wa shamba, foleni ikifumuka. Hakuna hata mmoja aliyebisha. Namba ya ubishi aliyokuwa ameipandisha asubuhi ile ilikuwa bure kabisa. Wakamsikiliza wote kama watoto wa madrasa, na Zuena akashangilia kwa sauti chumbani peke yake, kisha akaona haya, kisha akakaa, kisha akasimama.

Kuanzia hapo kazi yake ilikuwa kusubiri, na kusubiri hakukuwa kazi aliyoisomea. Alihesabu kichwani: sasa wako njia panda, sasa wako kwenye kakao, sasa wanavuka daraja peke yao kama wafalme. Akashuka dukani, akamuuzia mtu sabuni, akampa chumvi. Akapanda. Muda wa kufika mjini ukafika, ukapita. Mama akapiga, akasema hajaona mtu. Zuena akapiga kwa Zubery, haikupatikana. Akafungua dirisha, akalifunga.

Ndipo simu ikaita.

"Shemeji," alisema Zubery, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayenong'ona karibu na wagonjwa. "Tumekwama."

"Mmekwama wapi? Darajani? Daraja si liko tupu?"

"Daraja lipi? Tuko chini."

Zuena alishika ukingo wa meza. "Chini? Nilikuambia juu! Nilikuambia kwa mdomo wangu!"

"Si ukatuma ujumbe baadaye? Lori limelala. Tulikuwa njia panda, mtandao ukashika, simu ilikuwa mkononi kwa Habiba. Mimi nilisema tuendelee kama ulivyoniambia, labda ni lingine hilo. Yeye ndiye akanikatalia. Akasema, Zuena kasema chini, geuza, Zuena anajua."

Yeye ndiye akanikatalia. Katika modeli ya Zuena kulikuwa na dereva wa kila namna, mwenye haraka, mbishi, mwoga wa tope. Hakumweka mtu mmoja anayemwamini kuliko mume wake.

"Sasa pigeni honi wawapishe," alisema. "Mwambie kila mtu una mzazi!"

"Honi? Shemeji, kuna msiba. Mzee Ambilikile amefariki juzi, anazikwa leo. Uwanja wake umejaa maji, kwa hiyo turubai wamelifunga juu ya tuta, barabarani. Maiti imo humo, watu wamekaa humo. Madereva walionitangulia wamezima magari, wamekwenda kukaa na wafiwa mpaka azikwe. Walionifuata nao wamefanya hivyo hivyo. Nikimwomba mtu arudi nyuma anipe nafasi ananiuliza, turudi wapi, na juu kumezibwa? Hata mimi nimezima. Utapigaje honi msibani? Umesoma mpaka umesahau kwenu?"

Nyuma yake Habiba alilia mara moja, kilio kifupi, kama mtu aliyechomwa.

Zuena alituma ujumbe mwingine palepale, kwamba lori limeondolewa, warudi juu. Ukabaki na alama moja. Hakuna mtu anayekaa msibani na simu mkononi kule. Ukishuka garini unaizima, ndiyo heshima yenyewe. Akateremka ngazi mbio, akaacha duka wazi, akarukia bodaboda ya kwanza.

Kijana wa bodaboda alimpeleka kwa njia ya chini kutoka upande wa mjini, ambako hakukuwa na gari. Mbali kidogo na turubai alizima pikipiki, akashuka, akaanza kuisukuma. Zuena alimwambia awashe. Yule kijana alimtazama kama mtu asiyeamini masikio yake, akaendelea kusukuma. Zuena akamwacha, akakimbia kwa miguu juu ya tuta, viatu vinateleza, mtandio umeanguka mabegani.

Alilifikia turubai akaingia vile vile, akihema, bila salamu, bila pole, akipita katikati ya mikeka na viatu vyake miguuni. Akinamama walimwinulia macho. Ng'ambo ya turubai aliyaona magari yamefuatana juu ya tuta mpaka macho yanapokomea, yamezimwa yote, na maji ya majaruba yamekaa kimya kulia na kushoto. Katikati ya mstari ule kulikuwa na Noah nyeupe, mlango umefunguliwa, na Zubery amesimama mlangoni ameshika kanga kukinga jua. Mguu wa Habiba ulionekana, umejikunja. Mbali kiasi cha kuita, na hakuna namna ya kuita.

Nsajigwa alikuwa amekaa na madereva wenzake kwenye benchi. Zuena akamwinamia.

"Kaka Nsajigwa, dada yangu yumo kwenye gari lile. Ana uchungu. Tumbebe tumpitishe hapa, ng'ambo nitatafuta gari."

"Mzazi apitishwe mbele ya maiti?" Nsajigwa alisema polepole. "Hata mumewe hatakubali, dada. Hata wewe, ukitulia, hutakubali. Na pembeni ni maji."

"Basi wa nyuma warudi, yeye ageuze, apite juu."

"Juu kuna lori."

"Limeondolewa. Nimetuma ujumbe."

Madereva wakatazamana. "Limeondolewa na nini?" aliuliza mmoja. "Kwa tope hili?"

"Ni lori la nani?" aliuliza mwingine. "Tumekaa hapa tunahesabu. La Eliud liko gereji. La Ezra lile pale. Jubilate hajatoka. Tumemtaja kila mtu, dada, tumekosa aliyelala. Dereva wake yuko hai?"

Waliuliza kwa wema. Wangekuwa wakali ingekuwa nafuu. Zuena aliona kwamba angeweza kutunga jina, lori la Malawi, dereva mgeni, na wangemwamini nusu, na nusu haitoshi kumwinua mtu kwenye benchi la msiba. Huko kwenye Noah kanga ilitikisika.

"Hakuna lori," alisema.

"Umesema limeondolewa."

"Halikuwapo. Nilisema uongo. Nilitaka mwondoke juu ili dada yangu apite. Juu kuko wazi tangu asubuhi."

Hakuna aliyepiga kelele. Nsajigwa alimtazama kwa muda, kisha akatazama pembeni, na Zuena akajua kwamba hatamtazama tena.

"Tulikuwa tumepanga kupita juu, tushushe mizigo, tukawahi maziko," alisema Nsajigwa kama anayezungumza na magoti yake. "Ndiyo maana nikakuambia chini leo hapana. Kifo cha mzee hatukitupi kwenye simu katikati ya vichekesho. Uliposema lori, tukasema haya, kama ni kungoja, afadhali kungojea kwa mzee kuliko kwenye foleni. Tukaja. Kwa neno lako."

Minong'ono ilikwisha kuingia mpaka kwenye kona walikokaa wafiwa wenyewe. Mjane wa marehemu, Mama Marta, aliuliza kitu kwa Kinyakyusa. Mwanamke mmoja akamweleza sikioni. Mama Marta akanyoosha mkono, na Zuena akamwendea, akapiga magoti.

"Wewe ndiye ile sauti ya asubuhi?" aliuliza Mama Marta kwa Kiswahili.

"Ndiyo, mama."

"Mume wangu alikuwa anaisikiliza. Simu ya mtoto wetu. Ukisema chini kuna tope, yeye anachukua jembe, anatoka kwenda kuwasukuma. Nikimwambia kaa, ni mzee, anasema, binti kasema." Akamtazama Zuena usoni. "Sijui uso wako. Sauti yako naijua sana."

Zuena alilia hapohapo, kwa sauti, bila kujificha.

Mama Marta hakumbembeleza. Aliinua kichwa akawaambia madereva maneno machache ya lugha yao, nao wakainuka mara moja, wote, wakavaa viatu. Zuena naye akainuka akimbilie kwenye Noah.

"Wewe wapi?" aliuliza Mama Marta.

"Kwa dada yangu, mama."

"Dada yako ana mume. Wao umewaleta hapa kuzika, sasa wanaondoka kwa ajili yako. Nani anabaki kumzika mzee?" Akapapasa mkeka kando yake. "Kaa."

Injini zikawashwa msibani. Tangu turubai lile lilipofungwa hakuna aliyewahi kusikia mngurumo pale, na baadhi ya akinamama walijifunika vichwa. Gari la nyuma kabisa lilianza, likarudi kinyumenyume juu ya tuta, likafuatwa na la mbele yake, na la mbele yake, madereva wakielekezana kwa mikono bila honi hata moja. Fuso ya kijani ilitia gurudumu kwenye jaruba, wakaisukuma wakiwa na nguo za msiba. Noah nyeupe ilitikisika, ikaanza kurudi, ikawa ndogo, ikapotea kwenye migomba.

Zuena alikaa. Alikuwa amevua viatu, amefunika kichwa, amezima simu kama wengine. Miguu iliyokuwa ikicheza tangu alfajiri haikuwa na pa kwenda, na kila alipojiinua kidogo mkono mkavu wa Mama Marta ulikuwa juu ya goti lake. Ndani yake mambo yote yalikuwa yakikimbia: daraja, kona, kovu la Habiba. Ilibidi akae nayo. Aliimba na wenzake nyimbo asizozijua maneno. Alisikiliza mahubiri asiyoyasikia. Walipombeba mzee kwenda kwenye migomba alimfuata, akachukua udongo mkononi kama walivyochukua, akautupa, na akamwomba marehemu msamaha kimoyomoyo kwa Kiswahili, maana Kinyakyusa chake kilikuwa cha salamu tu.

"Sasa washa," alisema Mama Marta.

Simu ilipowaka, kwanza zilikuja taarifa za kundi. Nsajigwa ametoka. Ezra ametoka. Majina yaliendelea kushuka, jina kwa jina, bila tusi wala neno, na Zuena aliyaacha yashuke. Kisha simu ikaita mkononi mwake.

"Shemeji!" Zubery alikuwa akipaza sauti, akicheka, karibu kulia. "Ulikuwa wapi? Mtoto wa kike! Wamemtoa kwa upasuaji, wametukimbiza kama moto, daktari amesema tungechelewa kidogo tu... Basi, tuyaache. Wazima wote wawili. Habiba ameamka sasa hivi."

Zuena aliinamisha kichwa, na Mama Marta, aliyeuelewa uso wake kabla ya kuambiwa, akasema "ndaga" polepole, si kwa Zuena.

"Anasema ahsante," Zubery aliendelea. "Anasema kama si ujumbe wako tungelivamia lile lori. Na anauliza, yule dereva alipona? Njia nzima, shemeji, katikati ya maumivu yake, alikuwa anamwombea dua dereva wa lori. Nimwambie nini?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, la kumfurahisha mgonjwa. Alipona. Habiba angelipokea, angelala nalo vizuri, na asingeuliza tena maisha yake yote.

"Mpe simu," alisema Zuena. "Nataka nimwambie mwenyewe."